Ubao wa Futi Kumi na Nne

Muswada ulitufikia mwezi wa Februari,
kurasa mia na ushei, zimebanwa kwa pini moja iliyochoka.
Tulikuwa watu kumi na mmoja katika chumba cha wachezaji,
ubavuni mwa uwanja wa barafu, kunanuka glavu na jasho la watoto,
na bwana Pelchat wa Tume, koti hajavua,
akitusomea kifungu kwa kifungu
kama daktari anayemsomea mgonjwa majibu ya mtu mwingine.

Siku mbili zaidi za kura ya mapema.
Wazee wa makao ya Saint-Alphonse wapigie kura sebuleni kwao.
Anayehitaji mkono wa kumsaidia, achague mwenyewe mkono wa nani.
Tukaitikia kwa vichwa. Nani angekataa?
Mimi nimekaa mezani na rula na daftari chaguzi saba;
nimemwona mtu wa miaka tisini akirudishwa na vidato vitatu.
Vitatu tu. Alivitazama, akasema,
"Msalimieni mgombea," akaenda zake.

Kisha jedwali la mwisho: majina.
Jimbo letu ni Harcourt. Huyo Harcourt alikuwa nani
hakuna ajuaye. Wengine husema jenerali, wengine mfanyabiashara wa mbao
aliyepita hapa kiangazi kimoja, mbu wakamfukuza.
Sasa liitwe Harcourt–Lac-Brisé–Atiku-shipu,
vistari viwili, kama mishono
juu ya kidonda ambacho hatujakubaliana kiko wapi.

Fernand Quirion, mchora vibao vya mji mzima,
akainuka na tepu yake ya kupimia.
"Haliingii. Kibao cha barabarani ni futi sita.
Nikipunguza herufi, dereva atalisoma akiwa mtaroni."
Tukacheka. Hata Pelchat akacheka, akafungua kifungo kimoja.

Zéphirine Napess hakucheka.
Akasukuma magurudumu ya kiti chake hadi katikati, akasema polepole:
"Atiku-shipu. Mto wa karibu."
Si karibu ya mlangoni. Karibu mnyama, pembe kama matawi,
aliyekuwa akivuka hapa kwa maelfu,
na siku hizi yuko mbali kabisa na jina lake.
"Mnasema mnaongeza. Fernand, hamwongezi kitu.
Mnajisogeza kidogo tu, aliyesimama muda wote akae."

Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa ikilainisha barafu.
Fernand akaachia tepu, ikajikunja yenyewe: tak.
Jumatatu nikaona ubao mpya nje ya karakana yake,
msonobari, futi kumi na nne kwa tatu,
umepakwa rangi ya kwanza, nyeupe, unasubiri sheria.

Sheria haikuja.
Huko mji mkuu walihesabiana, serikali ikapungukiwa,
Bunge likavunjwa, na muswada ukafa
pamoja na mingine ambayo hatukujua hata kama inaumwa.
Barua ya Tume ilikuwa mistari minne.
Majina yabaki yalivyo. Siku zibaki zilivyo.
Vidato havikutajwa.

Siku ya kura, saa tatu kasorobo, theluji ya uchelewaji ikidondoka,
nilikuwa nachonga penseli
niliposikia kitu kizito kikiburutwa.
Fernand, skurubu mdomoni.
Akaulaza ubao juu ya vile vidato, akaukanyaga mara mbili,
akaupigilia kipande cha zulia kuukuu pale chini usiteleze.
Wa kwanza kupanda alikuwa Zéphirine,
magurudumu yakiacha michirizi miwili ya matope
juu ya weupe usio na neno hata moja.

"Jimbo?" nikauliza, maana kanuni yataka niulize.
Akanitazama. Akalitaja lote, bila kuruka kistari.
Nami nikabaki na kalamu hewani
juu ya kisanduku
chenye nafasi ya herufi nane.